Siku Sitini na Moja Zisizojulikana

Kila asubuhi, iwe siku ya shule au siku ya mapumziko, ikifika saa tatu kamili msichana mmoja wa darasa la sita alivuka uwanja wa shule, ufunguo shingoni na daftari kwapani. Alikwenda kwenye kisanduku cheupe cha mbao kilichosimama juu ya miguu minne, chenye nafasi ubavuni za kupitisha upepo. Ndani yake kililazwa kipimajoto. Zebaki ya kipimajoto kile ilipanda kadiri joto lilivyozidi, kisha ikabaki pale pale ilipofika, hata baridi ikiingia usiku. Kwa hiyo aliyesoma asubuhi aliona joto kali kabisa la jana. Akishaandika, alikitikisa kama muuguzi anavyofanya, zebaki ishuke, kazi ianze upya. Namba ikishatikiswa imekwenda, hairudi.

Wenzake walimwita Daktari.

"Daktari, mgonjwa kaamkaje?" walimtania akipita.

"Bado anapumua," alijibu bila kugeuka.

Kazi hiyo aliirithi kwa babu yake mzaa mama, aliyekuwa mtunza bustani wa shule. Kwa miaka thelathini na minne mzee yule hakuruka hata siku moja. Asubuhi ya mazishi ya mke wake alipitia kwanza kwenye kisanduku, akaandika, ndipo akaenda makaburini. Madaftari yake yalijaza sanduku zima la bati. Mtoto wa jicho alipomziba macho yote mawili, alimvisha mjukuu wake ufunguo ule shingoni.

Tangu hapo kila mchana Babu alimsubiri kwenye kiti chake mlangoni. Siku ya kwanza ya daftari jipya alimwuliza:

"Jana ilifika ngapi?"

"Nyuzi thelathini na mbili, Babu."

Babu alikunja uso. "Mwezi huu? Mwezi huu ni ishirini na saba, ishirini na nane. Umesoma umesimama upande. Inama, jicho lilingane na zebaki."

Kesho yake Daktari aliinama mpaka pua ikagusa kioo. Thelathini na mbili. Siku ya tatu, thelathini na moja. Babu aliguna.

"Labda kazi hii imekuzidi kimo, mjukuu wangu. Nitamwambia mwalimu ampe kiranja wenu."

Daktari aliushika ufunguo shingoni. Ule ufunguo ulikuwa kitu pekee kilichomfanya aonekane mtu pale shuleni. Siku ya nne zebaki ilisimama kwenye thelathini na mbili na nusu. Aliitazama sana. Kisha aliandika ishirini na nane, akakitikisa kipimajoto haraka haraka, kama mtu anayefuta nyayo zake.

"Ishirini na nane, Babu."

Uso wa mzee ulikunjuka. "Naam. Sasa umejua kusoma."

Basi uongo ukapata makao. Leo ishirini na saba, kesho ishirini na nane, na kila siku Babu akitabasamu. Mtoto wa watu alizoea, ingawa asinidanganye mtu kwamba alikuwa na raha.

Wakati huohuo, nyuma ya nyumba, maharagwe yalikuwa yakimwumiza mama yake kichwa. Yalichanua vizuri, shamba zima likawa jeupe, na mama akaanza kuhesabu magunia. Halafu maua yakaanza kupukutika kabla ya kufunga maganda. Mama aliyaokota kiganjani, akayageuza, akayatupa. Chakula cha mwaka mzima kilikuwa kinaanguka mbele ya macho yake.

"Nimekosea wapi mimi?" alisema jioni moja, ameketi juu ya tuta. "Nimepalilia, nimeweka mbolea, nimeamka alfajiri. Au ni hili joto?"

"Kila mwaka watu hulalamika joto," Babu alijibu kutoka mlangoni. "Ngozi husahau. Daftari halisahau."

Daktari aliinama akajifanya anang'oa magugu.

Siku ya sitini na nne ya daftari, mchana, bwana shamba alifika kwa pikipiki yake. Alipasua shina, akakagua mizizi, akainua jani juani. Kisha akaomba daftari la shule, akalipitia kurasa baada ya kurasa.

"Ningesema ni joto," alisema. "Maharagwe haya yakipita nyuzi thelathini siku nyingi, hudondosha maua. Lakini hapa, ukiacha siku tatu za mwanzo, hamjafika hata thelathini. Basi huenda ni ugonjwa, na sitaki ufike kwa majirani. Mama, ng'oa yote, uchome. Na usipande maharagwe hapa kwa miaka mitatu."

 Mama alikaza kanga kiunoni, akaingia shambani, akaanza kung'oa. Alikuwa analia huku anang'oa, bila sauti. Tuta la kwanza likaisha. Akashika la pili.

Daktari alitaka kukimbia. Miguu ilimpeleka kwa mama yake, akamshika mkono.

"Mama, acha. Si ugonjwa. Ni joto. Namba zile nimezitunga mimi."

 Mama alibaki ameinama, shina mkononi, maganda mawili machanga yakining'inia.

"Tangu lini?" aliuliza bwana shamba.

"Tangu siku ya nne ya daftari hili. Zilizobaki zote. Sizikumbuki tena za kweli, na kipimajoto nimeshakitikisa."

Bwana shamba hakumfokea. Afadhali angemfokea. Aliomba sanduku la bati, wakaketi sakafuni, akamwonyesha mwezi huohuo katika kila daftari. Ya mwanzo yalisema ishirini na sita. Yaliyofuata ishirini na saba, kisha ishirini na nane. Ya mwisho aliyoandika Babu kwa mkono wake yalisema ishirini na tisa.

"Siku moja ya joto haina neno," alisema. "Hiyo ni hali ya hewa, leo hivi, kesho vile. Mwanafunzi akichelewa leo, huwezi kumwita mchelewaji. Lakini fungua rejista ya miaka thelathini, hapo utamjua. Hali ya hewa ya miaka mingi namna hiyo ndiyo tabianchi. Na hii yenu inapanda."

"Kwa nini?" aliuliza Daktari.

"Tukichoma mafuta na makaa ya mawe, na tukikata na kuchoma misitu, gesi hujikusanya angani. Huzuia joto la dunia lisitoke, kama blanketi zito juu ya mtu mwenye homa."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa udongo. "Mimi nina jiko moja na taa moja. Nimechoma nini mimi?"

"Kidogo sana, mama. Waliochoma zaidi wako mbali. Lakini joto halina mipaka."

"Basi hakuna haki," alisema mama, akaketi.

 Bwana shamba alisema maharagwe yaliyobaki yaachwe, labda yatatoa debe moja, badala ya magunia matatu yaliyotarajiwa. Msimu ujao angeleta mbegu inayovumilia joto, wapande mapema zaidi, na wapande miti ya kivuli pembezoni. "Haitarudisha baridi ya zamani," alisema. "Itatusaidia kuishi na hili tulilonalo." Kisha akawasha pikipiki akaondoka.

 Babu alinyoosha mkono.

"Lete daftari, kalamu na rula. Pitisha mstari juu ya siku zote ulizotunga. Pembeni andika, haijulikani."

Daktari alipitisha mistari, kurasa mbili, machozi yakidondokea wino. Miaka thelathini na minne bila pengo, na sasa pengo la siku sitini na moja, ambalo hakuna mtu duniani angeweza kulijaza.

"Nisamehe, Babu. Mpe kiranja ufunguo."

"Wewe ulisema kweli siku tatu," alisema Babu, "nami nikakufukuza kwenye kweli mpaka ukaniletea uongo, nikakusifu. Nilipenda joto la zamani kuliko namba. Sikiliza, mjukuu wangu. Ukimficha daktari homa, homa haishuki. Mgonjwa ndiye anayeumia, na leo mgonjwa alikuwa mama yako. Pengo ni aibu, lakini pengo ni kweli. Andika unachokiona, hata kikitutia hofu, hata mimi nikikukatalia."

Hakuuchukua ufunguo.

Kesho yake, saa tatu kamili, Daktari aliinama mbele ya kipimajoto. Alisoma mara mbili. Mchana Babu alikuwa kwenye kiti chake.

"Jana ilifika ngapi?"

"Thelathini na tatu, Babu."

Mzee alianza kukunja uso, kisha akaukunjua. Nyuma ya nyumba mama alisikika akifagia maua yaliyoanguka.

"Umeandika?" Babu aliuliza.

"Nimeandika."