Vioo vya Chengyao

SAA TATU ASUBUHI

Kaka Hsiung, mkuu wa genge, alisukuma bakuli za tambi kando, akatandaza ramani mezani. Nje, upepo wa mji wa Hsinchu ulitikisa mabati ya chumba cha nyuma.

"Saa sita Wamarekani wanatia saini kuinunua Chengyao. Kampuni nzima itakuwa ukumbini. Sisi tunabeba vioo."

Vioo vyenye mchoro wa chipu ya wifi. Bila hivyo chipu haichapwi, na mshindani alishaahidi kuvinunua. Mchoro ulikuwa wa Po-jen, aliyelala chini ya meza za Chengyao tangu ilipokuwa chumba kimoja juu ya gereji. Sasa ina thamani, tajiri kamfukuza ili asimgawie hisa. Ukimwita Po-jen mwizi, unamwonea.

"Mkiniacha huko je?" aliuliza Po-jen.

"Dereva ni mimi, kaka," alijibu Kun, binamu yake. "Nikirudi bila wewe, mama yako atanichuna ngozi."

SAA SITA KASOROBO

Waliingia kwa mlango wa mizigo, Kun akabaki garini. Piao, mtu wa kazi chafu, alimpiga mlinzi kitako cha bastola hadi meno yakamwagika, wakamfunga kamba. Po-jen akatoa vioo kabatini, Hsiung akavitia kwenye kisanduku.

Kisha Po-jen akasikia mtu anatafuna.

"Piao! Umekula pakiti ya kijani? Ile ya juu ya mashine?"

"Njaa, bwana. Vitafunwa tu."

"Inawekwa pale kama hirizi, mashine isigome! Ikigoma, vijana wa zamu ndio watakaolia."

Alirudi mbio kutafuta pakiti nyingine kwenye droo. Wenzake walicheka, lakini mimi sicheki. Nani pale angeiacha mashine hivyo? Mlinzi alikuwa amejinasua kwenye kamba. Alimrukia Po-jen, wakaanguka. Piao akafyatua. Risasi ilipita shingoni mwa mlinzi ikazama pajani mwa Po-jen.

Kengele ikalia.

Hsiung na Piao walijitupa garini.

"Endesha!"

"Kaka bado, huyo anakuja!" alisema Kun.

Po-jen alikuwa anatambaa uani, akiacha damu nyuma yake.

"Hata akitutaja, hatufiki popote naye. Endesha, mbwa wewe!" Bastola ya Hsiung ikagusa sikio la Kun.

Kun aliendesha. Alikanyaga mafuta, akaupiga ukuta kwa makusudi. Kisanduku kiliruka, vioo vikawa vumbi miguuni mwa Hsiung.

Hsiung alimpiga Kun risasi mbili, akakimbia na Piao.

Po-jen alifika mlangoni mwa gari kwa viwiko.

"Kun. Mdogo wangu. Mpumbavu wewe, kwa nini hukuondoka?"

 Po-jen alimfumba macho kwa vidole vyenye damu, akamkumbatia, akalia kwa sauti mpaka polisi walipomtenganisha naye.