Mlango wa Mama Romana

Siku ya treni ya Tabora, stesheni ya Mpanda ilifurika watu, magunia ya mpunga na matenga ya kuku. Eufrazia alisimama katikati ya msongamano, amevaa sweta ya mikono mirefu juu ya gauni la maua, na jua lile lilikuwa kali. Karani wa mizigo, kijana mrefu mwenye suruali ya bugaluu, alimgusa bega bahati mbaya. Eufrazia akaruka kwa maumivu.

"Samahani, dada. Nani kakuumiza?"

"Nimeanguka tu."

Mara akamwona kaka yake, Lyamba, akipangua watu na fimbo mkononi. Tangu baba yao afariki, alikuwa akimpiga kwa fimbo hiyo hiyo.

"Nifiche, tafadhali!"

Karani, jina lake Anselmo, akamsukumia ndani ya chumba cha vifurushi. Eufrazia akaziba mdomo kwa kiganja.

"Umemwona binti mwenye sweta?" Lyamba alifoka nje.

"Watu wote hawa, bwana, nimkumbuke nani?"

Treni iliondoka, Lyamba akaondoka. Jioni wakatembea kuelekea mtaa wa Makanyagio, Anselmo akimtania mpaka akacheka.

"Nipeleke kwako," Eufrazia alisema. "Sina pengine."

"Kwangu? Haiwezekani."

Akamwacha kwa Mama Romana, kiongozi wa akina mama wa TANU, aliyewahi kuwahifadhi wanawake wengine. Hata kuingia hakuingia. Kanitupa, Eufrazia aliwaza, moyo unamuuma kuliko mgongo. Anselmo alipokuja kumjulia hali, Eufrazia alikataa kutoka chumbani.

Halafu Lyamba akasikia aliko, akaja na balozi wa nyumba kumi.

"Dada yangu katoroshwa na mwanamume!"

"Ingieni mtafute," Mama Romana alisema, amesimama mlangoni. "Huyo mwanamume yuko wapi?"

Balozi aliingia, akaonyeshwa mgongo wa Eufrazia wenye alama za fimbo. Akamgeukia kaka mtu.

"Lyamba, ningemkuta kwa mwanamume, leo ungeondoka naye. Lakini yuko kwa mama mtu mzima. Wewe ndiye utakayeitwa mahakamani."

Lyamba alipotokomea, Eufrazia aliomba kupiga simu stesheni kutoka ofisi ya TANU.

"Halo, stesheni."

"Ni mimi. Mbona hukuniambia sababu ya kutonipeleka kwako?"

"Eufrazia! Ulikuwa na hofu, sikutaka kukuongezea nyingine."

"Nilikuchukia, Anselmo."

"Najua. Uliniacha nimesimama uani kama mdai." Akavuta pumzi. "Nataka kukuoa."

Machozi yalimtoka Eufrazia. "Nataka kwanza nizoee kuamka bila kusikiliza nyayo za mtu. Halafu uniulize tena."

"Nitasubiri. Jumapili nije?"

"Njoo unywe chai tu, mpenzi."