Mgeni Asiyelipa

Sahani zilikuwa tano, na watu walikuwa wanne.

Nulu alihesabu mara moja tu, maana hakuwa mtu wa kuhesabu kitu mara mbili. Mkekani, chini ya migomba ya Namono kwenye mteremko wa Wanale, juu ya mji wa Mbale, walikaa yeye, mdogo wake Nabila, na wageni wawili kutoka Jinja: Douglas, askari wa magereza, na mkewe Racheal. Namono, mwenye shamba, alikuwa na desturi ya kula jikoni baada ya wageni. Lakini sahani ya tano ilikuwepo, imejaa matoke na malewa, vile vichipukizi vya mianzi vinavyokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga. Ilikuwa imewekwa ubavuni mwa Nabila, mahali pasipo na mtu.

"Hii ni ya nani?" Douglas aliuliza, mkono wake ukiwa tayari njiani. "Kama haina mwenyewe, naikamata."

"Iache, afande!" Namono alisema kwa sauti kali, kisha akailainisha. "Nitakuongezea ya moto kutoka chunguni."

"Bannange, jamani, Douglas," Racheal alisema. "Hata kwenye mapumziko unakamata?"

Wakacheka wote isipokuwa Nabila. Jua lilikuwa utosini na ndege walikuwa wakipiga kelele kwenye mibuni. Nulu alipogeuka tena, sahani ya tano ilikuwa safi kama iliyolambwa. Hapakuwa na mbwa wala kuku pale. Nabila alikuwa hajagusa hata yake.

Hakuogopa, alikasirika tu. Hakupenda kitu kifanyike mbele ya macho yake asikione.

Kazi yake alikuwa nayo mwaka wa tano. Aliwachukua watu wa Jinja kwa siku mbili milimani: Jumamosi matembezi hadi kwenye maporomoko, kisha shamba la kahawa na chakula cha kienyeji, Jumapili bustani ya mboga na maua ya Namono, halafu safari ya kurudi. Kama njia ilikuwa kali, alisema ni kali. Kama kulikuwa na mvua, alisema leteni mabuti. Aliyetaka kubembelezwa alimwambia abaki Jinja akaangalie mto. Kwa hiyo watu walimwamini, wakarudi, wakaleta na wenzao.

Namono alikuwa zaidi ya mshirika wa kazi. Mama yao Nulu na Nabila alipofariki, Namono alilala msibani siku saba, akiosha masufuria ya watu asiowajua. Wasike, mume wa Namono, alipoanguka mwambani mwaka jana, Nulu alikaa naye mpaka vilio vikaisha. Walipoitana dada, hawakuwa wakipamba maneno.

Safari hii Namono ndiye aliyepiga simu. "Mlete Nabila," alisema. Nabila alikuwa amepoteza mimba mwezi uliopita, na tangu hapo hakuwa amecheka. "Hewa ya huku itamrudisha. Na asilipe hata senti moja. Huyo ni mgeni wangu mimi."

"Kila mtu analipa, Namono. Hata mimi nalipa chakula changu."

"Dada, unanitukana? Mdogo wako ale kwangu kwa pesa?"

Nulu alibishana kidogo, kisha akakubali. Baadaye angejilaani kwa kukubali huko.

Jumapili saa tisa alasiri Namono aliwasindikiza, kama siku zote, hadi kwenye daraja la magogo chini ya bustani, ambapo gari lilikuwa likingoja ng'ambo. Nabila alipewa furushi: ndizi, kahawa, fungu la malewa makavu. Namono akampa mkono Douglas, akampa Racheal, akampa Nulu, akampa Nabila. Kisha akaunyoosha mkono uleule nyuma ya bega la Nabila, kwenye hewa tupu, akafumba vidole juu ya kitu, akakitikisa taratibu.

"Nenda salama," alinong'ona.

Nulu alidhani anafukuza inzi. Lakini siku zote Namono alisimama pale akipunga mpaka gari lipotee. Siku ile aligeuka na kupanda mlima mbio, kanga yake mkononi.

*

Nyumba ya Nulu iko Bugembe, nyuma ya maduka, hatua chache kutoka barabara kuu ya kwenda Iganga. Jumatatu chumba cha Nabila kilinuka moshi wa mianzi. Nulu akampa jirani furushi lote la malewa. Jumanne harufu ilikuwa kali zaidi.

Jumatano saa sita mchana Nabila alitoka uani na kuanza kutembea. Alizunguka ua polepole, akipumua kama mtu anayepanda, na kila baada ya hatua chache aliinua mguu juu, kama anavuka mzizi, kwenye ua uliofagiliwa ambao haukuwa na mzizi wala jiwe.

"Nabila, unafanya nini?"

"Natembea naye," Nabila alijibu bila kugeuka.

"Na nani?"

"Anasema bado kidogo tutafika."

Alipokaa, nyayo zake zilikuwa na tope jekundu, bichi, na Bugembe haikuwa imepata mvua wiki tatu.

Alhamisi hakuzunguka ua tu, alifika langoni. Ijumaa alitoka langoni. Alikuwa akila sahani mbili na kukonda, na ukisimama karibu naye akitembea ulisikia hatua zake na, nyuma ya hatua zake, hatua nyingine zenye maji ndani yake, chwa, chwa, kama za mtu aliyetoka chemchemini na viatu vyake, na Nulu, ambaye maisha yake yote alikuwa amewacheka watu wanaoamini majini, alijikuta akitembea nyuma ya mdogo wake kwenye mwanga mweupe wa mchana, asithubutu kukanyaga mahali ambapo yule mwingine alikuwa amekanyaga, mpaka wakafika ukingoni mwa barabara kuu ambako malori ya Kenya hupita bila kupunguza mwendo, na Nabila akainua mguu auvuke mzizi wake na kuingia barabarani, na Nulu akamvuta kwa gauni wakaanguka wote wawili kwenye vumbi.

Alasiri hiyo akamwita Sheikh Muzafaru, mzee anayesomea wagonjwa pale msikitini. Sheikh alisoma mpaka sauti ikakauka. Kisha akaomba Nabila aachiwe atembee uani, akaweka sikio lake chini.

"Miguu minne," alisema akijifuta vumbi. "Huyu hajibu kisomo, mwanangu, kwa sababu hajafanya kosa. Hakuvamia. Jini wa namna hii huingia kwa kukaribishwa na hutoka kwa kusindikizwa. Kuna mtu alimsindikiza, akaja na nyinyi."

Nulu aliuona tena mkono wa Namono ukitikisa hewa.

"Atatokaje?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Aliyemsindikiza ampokee. Mkono uleule, mahali palepale, na neno la kukaribisha."

"Akikataa?"

Sheikh alitazama upande ambao malori yalikuwa yakinguruma. "Barabara iko karibu mno na nyumba hii."

*

Walifika darajani kesho yake, saa nane. Nulu alikuwa amefunga kiganja chake na cha Nabila kwa leso moja, mafundo mawili. Alimwita Namono kwa jina, bila dada, na Namono akashuka bustanini kama mtu aliyekuwa akingoja kuitwa.

"Ulimpa mdogo wangu nini?"

Namono hakujifanya hajui. "Ile njia mpya uliitaka wewe," alisema. "Ulisema wageni watapenda kupita chemchemini. Wasike akaikata. Siku ya tatu akaanza kutembea. Hakuteleza, Nulu. Alifika ukingoni mwa mwamba akaendelea, kama yuko uwanjani. Baada ya mazishi huyu wa chemchemini akaja kwangu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeacha kuleta watu."

"Ndiyo, ningeacha! Siku hiyohiyo!"

"Na mimi ningebaki huku peke yangu naye." Namono alishusha sauti, akatazama nyuma ya Nabila kisha akatazama chini upesi. "Nilijaribu kumtoa na wageni wako. Mara sita nilimsindikiza hadi hapa. Mara sita jioni nilimkuta mlangoni. Anayelipa si mgeni, dada, ni mteja. Hawezi kwenda na mteja, wala hawezi kuingia naye ndani. Nilihitaji mtu aliyekula kwangu bure."

Nulu alisikia tena ile simu, neno kwa neno. Hata senti moja. Mgeni wangu mimi.

"Uliosha masufuria ya msiba wa mama yangu," alisema. "Mikono hiyohiyo."

"Sikuwa na mgeni mwingine duniani."

Nulu alimpiga kofi. Namono hakujikinga. Leso ilikuwa ikivutwa. Nabila alikuwa ameanza kuinua mguu, na upande wa daraja ulikuwa wazi juu ya mawe ya mto.

"Mpokee!"

Namono alinyoosha mkono. "Karibu," alisema. "Karibu nyumbani." Vidole vikajifunga juu ya kitu. Hapohapo magoti ya Nabila yakakunjika, akaanguka kifuani mwa dada yake akikoroma kama mtoto.

Nulu alimburuta hadi garini. Nyuma yake alisikia, "Na mimi, dada? Mimi nifanye nini?"

Hakugeuka. "Njia unaijua," alisema.

Nabila hakukumbuka chochote cha wiki ile. Alipouliza, Nulu alimwambia ilikuwa malaria iliyopanda kichwani. Alikuwa ametoka tu kuanza kucheka. Ya nini kumtisha? Ulikuwa uongo mzima wa kwanza Nulu kumwambia mtu wa nyumbani kwake, na alishangaa jinsi ulivyotoka bila shida.

*

Miezi miwili baadaye, saa sita mchana, mtu alibisha langoni Bugembe.

"Hodi."

Nulu alikuwa barazani akichambua mchele. Neno la kujibu lilimfika ulimini, akaling'ata. Namono alisimama nje ya lango, amekonda mpaka shingo imekuwa kamba, ndala zimetoboka visigino. Miguu ilikuwa na tope jekundu hadi kwenye vifundo.

"Hodi, dada. Mulembe, amani kwako. Nimekuja kukutembelea."

"Chakula ni shilingi elfu kumi," Nulu alisema.

"Nulu..."

"Kiti kinalipiwa humohumo. Huna, barabara hiyo."

Namono alielewa. Machozi yalimtoka bila sauti. "Natembea tangu alfajiri ya juzi," alisema. "Nikilipa, atabaki nje?"

"Wewe ndiye unayezijua sheria zake."

Alipekua kifuani, akatoa noti ya elfu kumi iliyolowa jasho, akaipitisha juu ya lango. Nulu aliichukua kwa ncha za vidole, akafungua lango. Hakusema karibu. Alimpa wali na maharage, akakaa mbali akimtazama mwanamke aliyemwita dada miaka yote hiyo akila kama mteja. Langoni, upande wa nje, kulikuwa na sauti ya kitu kinachokwenda na kurudi, chwa, chwa. Namono alipomaliza alisinzia palepale kwenye kiti, mdomo wazi, saa nzima. Alipoamka alinawa, akasubiri kidogo, labda neno.

"Dada, hata kunisindikiza?"

"Mteja hasindikizwi."

Nulu aliingia ndani, akaiweka ile noti mezani, akaugeuzia mlango mgongo. Alikaa chumbani kwake muda mrefu, akiwa na hasira, na chini ya hasira kitu kingine alichokataa kukiita jina. Alisikia lango. Alisikia sauti ya Nabila, aliyekuwa akirudi kutoka sokoni, akiingia, akitoka tena mbio. Hakuelewa kwa nini, mpaka alipotoka sebuleni na kuona meza tupu.

Nabila alirudi akihema, uso umekunjamana kwa aibu.

"Dada, sijawahi kuona jambo kama hili. Namono nimekutana naye langoni analia, ananiambia umemlipisha wali! Mtu aliyelala kwenye msiba wa mama siku saba?"

"Nabila." Nulu aliigonga meza tupu kwa kidole. "Pesa iko wapi?"

"Nimemrudishia. Nimemfuata hadi kwa watu wa boda, nikamtia mkononi. Nikamwambia asikujali, una hasira za karibu, hapa ni kwao, karibu siku yoyote."

"Na yeye? Hakukwambia kitu? Hakukataa?"

Nabila alifikiri. "Alinitazama sana. Akanishika mkono, nikadhani hatauachia. Kisha akasema asante, akapanda boda."

"Alisema asante."

"Asante tu. Alikuwa anatabasamu, masikini." Nabila alishika kikapu chake cha nyanya. "Wewe kaa, umechoka. Nitapika mimi. Hivi umechoma nini, dada? Nyumba nzima inanuka moshi."

Akaelekea jikoni. Sakafu ile ni ya saruji, tupu, Nulu alikuwa ameipiga deki asubuhi. Katikati yake Nabila aliinua mguu juu kidogo, kama mtu anayevuka mzizi.