Kishindo Nilichokisikia Katesh Nikanyamaza

Je, nilikisikia kweli kishindo kile siku ya kwanza, au nilikijua baadaye nikajisingizia kwamba nilikisikia? Swali hili moja liliniondolea usingizi karibu mwaka mzima. Nililigeuza huku, nikaligeuza kule... Na kila nilipokaribia jibu, nililikwepa.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Tumati, wilayani Mbulu. Nina shahada ya mipango miji, na sijawahi kupanga mji wowote. Ni mtu wa kuwaza kupita kiasi. Mama husema nikiwa mdogo alinituma chumvi dukani, akanikuta nimesimama njiani nafikiria kama alitaka ya mawe au ya unga.

Nawaandikia wasomaji wenzangu kwa sababu nimechoka kulizungusha jambo hili peke yangu.

Baada ya miaka mitatu ya kuomba kazi bila kujibiwa, nilipata wazo. Huku kwetu, Mbulu mpaka Katesh, harusi ni nyingi na magari mazuri ya kubebea maharusi ni machache. Nikawaza, nikipata gari moja la kifahari, hata kama ni la mkononi, si nitaishi? Nikaandika mpango wa kurasa kumi na mbili. Baba hakuusoma. Alisema tu, "Kama umelifikiria wewe, limefikiriwa."

Utajiri wa baba ulikuwa ng'ombe sita. Hawakuwa nyumbani. Walikuwa Nangwa, Hanang, kwenye boma la rafiki yake wa siku nyingi, mzee Gidamis. Nyumbani malisho ni finyu, ndiyo maana baba aliwaweka kule tambarare. Rafiki anakunywa maziwa, ng'ombe na ndama wake wanabaki wa mwenyewe. Hakuna karatasi inayosainiwa. Kuna maneno tu.

Siku ya kukabidhi, mwenye ng'ombe husimama mbele ya watu wa boma na kutaja kasoro za kila mnyama. Huyu anapiga teke. Yule aliwahi kutupa mimba. Yule anaruka uzio. Baada ya hapo, likitokea lolote, hakuna ugomvi. Lakini ukificha kasoro, urafiki umekwisha, na watoto wenu watalijua hilo.

Baba aliwauza wote sita kwa ajili yangu.

Gari nilitafutiwa na Elibariki. Huyu tulikaa naye chumba kimoja chuoni miaka mitatu. Nilipougua homa ya matumbo, yeye ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka hospitali. Siku hizi ni dalali wa magari. Ningemwogopa vipi mtu aliyenibeba?

Alilileta gari mwenyewe mpaka Katesh. Jeusi, otomatiki, viti vya ngozi, ndani linanukia marashi. Baba alilizunguka polepole na fimbo yake, kama anavyozunguka ng'ombe mnadani. Kisha akamuuliza Elibariki, "Kasoro yake ni nini?"

Elibariki akacheka kwa heshima. "Mzee, hili halina kasoro. Liko safi kabisa."

"Mnyama asiye na kasoro sijawahi kumwona," baba akasema.

Niliona aibu... Mimi, msomi, mbele ya rafiki yangu wa chuo! Nikamwambia, "Baba, hili ni gari. Si ng'ombe."

Baba akanyamaza. Akaingia, akakaa kiti cha nyuma, fimbo katikati ya magoti.

Nikaendesha. Barabara ya tambarare, asubuhi, gari likiwa bado la baridi. Lilikuwa linateleza kama maji. Lakini tulipogeuza na kupanda mwinuko mdogo wa kurudi mjini, nilisikia kitu chini ya miguu yangu. Gia ilipotoka ya pili kwenda ya tatu, gari lilishtuka. Kishindo kimoja tu, kama mtu amepiga teke sakafu kwa chini.

Nilimtazama Elibariki. Alikuwa anatazama simu.

Nikaanza kuwaza. Labda ni barabara. Labda magari ya kifahari ndivyo yanavyobadilisha gia. Labda nikiuliza ataona sijui gari... Mpaka namaliza kuwaza, tulikuwa tumefika, na baba alikuwa anashikana mikono na Elibariki, biashara imekwisha.

Wiki ya tatu kishindo kilirudi. Mwezi wa pili kikawa cha kila siku. Gari likiwa la baridi lilitulia, likipata joto lilianza kurusha watu mbele. Nilisoma kwenye simu mpaka macho yakauma. Mmoja anasema ni oili, mwingine anasema ni kompyuta ya gari, mwingine anasema uza haraka. Nilienda kwa fundi wa Katesh, mtu hodari wa matrekta na malori. Alilala chini ya gari, akatoka, akafuta mikono. "Mdogo wangu, nisikudanganye. Hii giaboksi siijui. Hata kijiti cha kupimia oili haina."

Angalau yeye alisema.

Baba alikuwa akiniuliza kila Jumapili, "Gari lina hali gani?" Nami nilikuwa nikijibu, "Ni zima, baba."

Kisha ikaja harusi ya Endagikot. Tulitoka kanisani vizuri, matarumbeta mbele, watoto wanakimbia pembeni. Tulipoanza kupanda kilima, gari lilipiga kishindo kikubwa, taa ya onyo ikawaka, likajifunga kwenye gia ya tatu. Halikubali kushuka wala kupanda. Injini inanguruma, magurudumu hayana nguvu. Bibi harusi alijigonga paji la uso kwenye kiti cha mbele.

Maharusi wakashushwa. Wakapandishwa pikapu iliyobeba kreti za soda. Shangazi wa bibi harusi alipita dirishani kwangu, akaniambia bila hata kusimama, "Gari la bei yote hii, kumbe nalo linachoka kilimani kama punda wa mnadani."

Watu walicheka. Nadhani hata mimi nilicheka... Sikumbuki vizuri. Nakumbuka nilikuwa naangalia ua moja lililofungwa kwenye kioo, nikilihesabu majani. Sikuwa na huzuni. Sikuwa na hasira. Nilikuwa kama jino lililopigwa ganzi.

Lilipopoa lilikubali kwenda tena, nikalipeleka Arusha kwa fundi mwenye kompyuta. Alifungua bakuli la oili chini ya giaboksi, akaniita nione. Oili ilikuwa nyeusi, na ndani yake vyuma vilivyosagika vinang'aa kama magamba ya samaki. Akanieleza kwamba giaboksi ilikwisha zamani, kabla sijalinunua. Kuna mtu aliweka oili nzito isiyostahili, ili kishindo kisisikike kwa muda, hasa gari likiwa la baridi na kwenye tambarare.

Asubuhi. Tambarare. Gari la baridi.

Nilimpigia Elibariki palepale. Nilitegemea akatae, aape, akasirike. Hakukasirika. Alisema taratibu, "Paskali, si uliliendesha mwenyewe? Ulisikia likigonga. Nilikuona kwenye kioo, uso ulibadilika. Ukanyamaza. Sasa ukinyamaza wewe mnunuzi, niseme mimi muuzaji?"

Kisha akaendelea, kwa sauti ya mtu anayetaka kukusaidia, "Fanya hivi, mwanangu. Weka tena oili ileile. Mpeleke mteja asubuhi, tambarare. Mpokeze na yeye. Hata mimi nilipokezwa."

Mngekuwa nyinyi mngefanya nini? Msinijibu haraka. Mimi nilijiona mtu mwema maisha yangu yote, na nilichukua siku nne tu kukubali.

Mteja alipatikana upesi, tena bila kutafutwa. Alikuwa Yohana, mtoto wa mzee Gidamis. Alikuwa amerudi kutoka machimboni na anataka gari. Alimwambia baba yangu, "Nikinunua kwenu, nimenunua nyumbani." Baba alifurahi. Alidhani nauza ili ninunue kubwa zaidi.

Niliweka oili nzito siku moja kabla. Asubuhi yake tuliteremka Nangwa, mimi na baba, mapema kabla hakujapata joto. Nilisimama kwa muda mrefu nje ya boma na injini nimezima, ili gari lipoe vizuri. Baba alidhani nasubiri tukaribishwe.

Nilimwamkia mzee Gidamis, "Shikamoo, baba." Akaitikia marahaba, akaulizia mama, wadogo zangu, mvua, mahindi. Watu wa boma walikusanyika. Mama mmoja akamletea mzee kibuyu cha maziwa. Yohana alikuwa anazunguka gari, anajitazama kwenye rangi yake, anarekebisha kofia.

Kisha mzee Gidamis akaweka kibuyu chini, akanitazama. Akaniuliza vilevile, kama baba alivyouliza Katesh.

"Kasoro yake ni nini?"

Nilikuwa na jibu. Nililiandaa siku nne. Lakini nilimwona baba amesimama pembeni na fimbo yake, anasubiri nitaje, kama vile yeye alivyosimama hapohapo akataja za ng'ombe wake sita. Mzee huyu aliwalisha wote, hakupoteza hata mmoja, aliwarudisha walipotakiwa bila swali...

Nilisikia mdomo wangu ukizungumza.

"Baba, giaboksi yake imekwisha. Likipata joto linarusha watu. Kwenye kilima linaweza kukataa kabisa. Halitengenezeki kwa gharama ndogo. Na jana nimeweka oili nzito, ili Yohana asisikie."

Ng'ombe mmoja alikohoa kule zizini. Yohana aliondoa mkono kwenye boneti kama amegusa moto.

"Kaka," akasema, "kumbe ulikuwa unanimaliza."

"Ndiyo," nikamjibu.

Mzee Gidamis hakunitazama tena. Alimtazama baba. Akamwambia, "Kijana wako amechelewa. Lakini amesema." Akachukua kibuyu, akampa baba maziwa. Baba akanywa. Mimi nilipewa wa mwisho, lakini nilipewa.

Tukaanza safari ya kurudi. Tulipoacha tambarare na kuanza kupanda kuelekea Mbulu, gari lilipata joto. Likaanza. Kishindo... kishindo... kila gia ilipobadilika, kichwa cha baba kilikwenda mbele na kurudi. Alikuwa amekaa nyuma, kama siku ile.

Kwenye kona moja aliniuliza, "Hiki ndicho ulichokisikia Katesh?"

Mwaka mzima nilikuwa nalikimbia swali hilo, na sasa lilitoka kwenye kiti cha nyuma.

"Ndiyo, baba. Nilikisikia."

Kisha akasema, "Hata mimi nilikisikia. Nilitaka kukuambia. Lakini ulishasema si ng'ombe."

Wasomaji wenzangu, sikulia hata hapo. Niliendelea kushika usukani. Lakini kile kitu kilichokuwa kimeganda kifuani tangu Endagikot kililegea kidogo, na kikaanza kuuma.

Nawaomba. Ukinunua gari lililotumika, lisubiri lipate joto. Lipandishe mlima. Mpe fundi afungue chini, hata kama muuzaji alikubeba mgongoni. Na ukisikia kitu, sema saa hiyohiyo, hata kama utaonekana mshamba. Mzee wako akiuliza swali linalokuaibisha mbele ya marafiki, mwache aulize. Elibariki alinidanganya, sikatai. Lakini kishindo kile tulikisikia watu watatu ndani ya gari moja, na aliyemnyamazisha baba ni mimi!

Gari nimeshaliuza. Nililipeleka Arusha kwa wanaobomoa magari kwa ajili ya vipuri. Nilimwonyesha mnunuzi zile chenga za chuma, nilizozihifadhi kwenye chupa, kabla hajauliza bei. Alichonipa kilitosha kumnunulia baba mitamba miwili tu.

Wiki iliyopita tuliwaswaga mpaka Nangwa. Watu wa boma walikusanyika, Yohana akiwemo, amekunja mikono. Baba hakusimama mbele safari hii. Alinisogeza kwa fimbo.

Nikasema, "Huyu mwekundu anaogopa mbwa, akimwona atakimbia mbali. Huyu mwenye baka jeupe ana kwato mbovu ya nyuma kushoto. Kwenye mawe atachechemea."

Mzee Gidamis aliinama, akaishika ile kwato, akaikagua. Kisha akafungua zizi.