Aliyetangulia Kuvaa Leso

Gamba lilikuwa juu ya kitanda, na mkebe ulikuwa umefungwa.

Sauda alilishika akidhani ni buibui mwenyewe, akalitupa, nalo likaanguka bila uzito kama ganda la maharagwe. Miguu yote ilikuwapo, na manyoya, hata meno. Ngozi tupu. Buibui kujivua ngozi hakukuwa ajabu kwa mke wa Jabiri. Ajabu ni kwamba jike mwenye ngozi hiyo alikuwa bado ndani ya mkebe wa mafuta ya Kasuku, kifuniko kimekazwa kwa waya, na Jabiri mwenyewe ndiye aliyekikaza kabla ya kwenda msikitini.

Pale Kwa Vonza watu walifuga mbuzi. Jabiri alifuga buibui. Ile njaa ya themanini na nne ilipommalizia mbuzi wake, alipata mzungu mmoja huko Nairobi aliyenunua buibui wakubwa wa manyoya na kuwapeleka Ulaya, ambako watu, tena watu wazima, huwaweka sebuleni ndani ya vioo na kuwapa majina. Basi Jabiri akajifunza kuwazalisha. Alijua kwamba jike hushibishwa kwanza ndipo aletewe dume, la sivyo humla bwana harusi. Alijua pia kwamba buibui akikataa chakula, rangi ikaiva, akalala chali miguu juu, hajafa. Anajivua, na atakayemgusa wakati huo atamuua. Hilo alimwambia Sauda mara nyingi kuliko alivyowahi kumwambia neno tamu.

Sauda alikuwa na lake. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka, na hii ya tatu ilikuwa imefika mbali, inacheza. Muthoki, mkunga wa pale ambaye kila mtu alimwita Susu, yaani nyanya, alimkataza kabisa kuandaa nguo ya mtoto kabla mtoto hajalia. Sauda akaitikia ndiyo, halafu akanunua leso nyekundu, akaikata, akaipinda ncha, akaificha chini ya godoro. Kila mchana alikuwa akiingiza mkono na kuigusa.

Jike mwenye gamba lile Jabiri alimchimbua pembeni mwa kaburi la msafiri asiyejulikana, njia ya kwenda mtoni. Muthoki alimwambia amwache. Jabiri akamwuliza kama buibui huyo ana hati ya shamba. Tangu siku hiyo nyumba ikanuka udongo mbichi, ule unaotoka chini sana, na ukifagia, ukipika, harufu iko pale pale. Dume aliyeingizwa mkebeni hakuonekana tena, hata mguu. Jike akataga, akayasokotea mayai yake kifuko cheupe, akakibeba kifuani kama mama yeyote. Halafu baridi ya Julai ilipoingia, akakiacha na kugeukia ukuta.

Sauda alirudi kutoka sokoni adhuhuri akakuta kifuko kile karibu na jiko, kimefungwa vizuri ndani ya leso nyekundu.

"Jabiri, hiyo leso umeitoa wapi?"

"Chini ya godoro. Ilikuwa imekaa tu. Hii baridi itawaua hawa."

"Ni ya mtoto."

"Mtoto hajakuja, Sauda. Hawa wamekuja."

Sauda akanyoosha mkono. Angeifungua ile leso, lakini mkono ulikataa. Jioni ile, jua likizama, akasikia kukwaruza, kama kucha juu ya bati, akadhani ni mkebeni, akainama kusikiliza, mkebe kimya, akasikiliza kwenye leso, kimya, akazunguka chumba kizima na ile sauti ikimfuata kila alikosimama, mpaka alipokaa chini na kuweka mkono tumboni ndipo akajua, kwa sababu mtoto aliyekuwa akipiga teke hakupiga tena, alikuwa akitambaa, polepole, upande hadi upande, kwa vidole vingi kuliko anavyopaswa kuwa navyo mtoto mmoja.

Alimwambia Muthoki kwa kunong'ona. Muthoki akaweka mikono juu ya tumbo, akaiondoa haraka, akaipangusa kwenye nguo. Kesho yake Jabiri, ambaye sasa hakuwa akicheka, alikwenda Kitui mjini kumwita Mwalimu Faki, mzee aliyejulikana kwa kutoa majini.

Faki alifukiza ubani, akasoma mpaka sauti ikakauka. Mkebe ukatikisika, jike akalia mlio wa mafuta ya moto kwenye karai, kisha akanyamaza. Ndipo mzee akaiona leso.

"Hii ni nguo ya nani?"

"Ya mwanangu," Sauda akasema.

"Nani ametangulia kuivaa?"

Faki akaifungua. Kifuko kilikuwa kimepasuka upande, na ndani hamna kitu, hata ganda la yai. Jabiri akaanza kutafuta chini ya jiko, chini ya kitanda. Sauda hakutafuta.

Jike akarudishwa shimoni mwake, kifuko na leso vikazikwa naye. Harufu ikaisha siku ile ile. Jabiri akampa mzee kuku wa shukrani, mzee akakataa.

"Kilichokuwa mkebeni nimekitoa," akasema. "Ambacho hakikuwa mkebeni sikukifikia."

Mtoto alizaliwa mzima, mvulana, wa kupendeza. Hakulia. Alinyonya vizuri, akanenepa, akawa anatazama mbu ukutani bila kupepesa macho. Jabiri alijivuna barabara nzima, na Sauda alimpakata tu, kwa sababu alikuwa wake na hakuwa na mwingine.

Halafu siku moja mtoto akakataa titi. Kesho yake akakataa tena. Ngozi yake ikaiva, ikawa nyeusi na ya kung'aa, na baada ya adhuhuri wakamkuta amelala chali, mikono na miguu ameikunja juu ya kifua, hatikisiki. Muthoki alisema akimbizwe hospitali, akanyoosha mikono kumwinua. Sauda akamshika kifundo cha mkono.

"Usimguse, Susu."

"Mwanangu, mtoto anakufa."

"Hafi." Sauda hakuwa na machozi. "Mwache. Ukimgusa sasa utamuua."

Akavuta kigoda, akakaa karibu na kitanda. Mgongoni mwa mtoto kukasikika kitu kikichanika, taratibu, kama kitambaa kikavu.