Vidole Juu ya Bafta

Haya yalimpata mjomba wangu Yotamu huko Ilomba, Mbeya, mwaka 1954. Aliyenisimulia ni mama yangu, dada yake, ambaye siku hizo alikuwa hajaolewa na aliishi nyumba moja naye.

Asubuhi ya kwanza ilikuwa njema. Ukungu ulikwisha kuuacha mlima Loleza, na bustani ya nyumbani ilimeta kwa umande. Bwana shamba alikuwa amemwazima mjomba kamera na kumwagiza picha arobaini za maua, majani na ndege kabla ya mvua kuanza. Zikipendeza, angempeleka Dar es Salaam akajifunze kazi hiyo.

Mjomba hakuridhika na picha yenye vurugu nyuma yake. Alitaka ua lisimame peke yake. Kwa hiyo alifungua sanduku la mama yake, akatoa bafta nyeupe isiyowahi kuguswa na maji, wala hakuuliza ni ya nini. Tusekile, mkewe, mwenye mimba ya miezi saba, akaitandaza kwa mikono miwili nyuma ya waridi.

"Nisimame hivi mpaka mtoto aote meno?" Tusekile akauliza.

"Usicheke, bafta inatikisika."

"Mgombeze mwanao. Ndiye anayecheza humu ndani."

Ndege mdogo aitwaye chozi akaja, akaelea mbele ya waridi, mdomo tayari. Mjomba akabonyeza. Papo hapo chozi aligeuka akaruka, na ndege wote wa bustani wakanyamaza.

Adhuhuri mjomba alijifungia ghalani na taa nyekundu, akazisafisha picha. Waridi lilitoka safi. Mkono wa kulia wa Tusekile ulionekana pembe moja, na wa kushoto pembe ya pili. Katikati, juu ya ukingo wa bafta, palikuwa na vidole vinne zaidi. Cha kati kilikuwa kimekatika kwenye kifundo.

Alidhani ni doa la dawa. Akaisafisha upya. Vidole vilikuwapo.

Aliificha picha ile chini ya nyingine. Zilikuwa zimebaki thelathini na moja.

Siku ya pili, akiwa ameshika bafta, Tusekile alisema kwa sauti ya chini, "Yotamu, nani anaivuta?"

"Upepo."

"Majani hayatikisiki."

"Shika tu, mke wangu. Kumi bado."

Akashika. Katika picha za siku ile vidole vilikuwa vimesogea. Viligusana na vidole vyake vya kushoto.

Katika picha za siku ya tatu vilikuwa vimemshika kifundo cha mkono.

Mchana huohuo mkono wa Tusekile ukawa baridi mpaka kwenye kiwiko. Hakuweza kuukunja. Akalala chali, akaweka mkono wa pili tumboni, akangoja. Akangoja tena. Mtoto hakucheza.

Hapo ndipo mjomba alipompelekea mama yake zile picha. Bibi Tupokigwe alikuwa akipukuchua maharage. Akatazama picha moja, akasimamisha mikono.

"Bafta hii umeitoa wapi, mwanangu?"

"Sandukuni mwako, mama."

"Hiyo ni sanda ya baba yako."

Babu yangu, Isakwisa, alifia machimboni Chunya, huko ambako jiwe lilimkata kidole cha kati. Bibi alisafiri na bafta ile siku mbili kwenda kumsitiri. Alimkuta amekwisha kuzikwa na watu asiowajua, ndani ya gunia. Akarudi nayo, akaifungia.

Na kwetu Wanyakyusa, mke hakaribiani na baba wa mumewe. Akimwona njiani, huingia porini kumpisha. Hamtazami usoni. Hagusi nguo yake.

"Umemshikisha mkeo nguo ya mkwewe," bibi alinong'ona. "Mwenyewe amekuja kuichukua, akaukuta mkono."

Wakamwita Anania, mchimba makaburi wa kanisani. Jua lilikuwa bado juu. Akachimba kando ya migomba shimo dogo, kina chake magotini, maana kilichozikwa kilikuwa nguo tupu. Bibi aliikunja bafta ikawa ndogo kama kitabu cha nyimbo, akaiweka chini kwa mikono yake.

"Isakwisa," alisema, "nguo yako hii. Mwache mwana wa watu."

Udongo ukaanza kurudi.

Ndani ya nyumba mama yangu alikuwa ameushika mkono wa Tusekile. Alisikia joto likiingia, kidole baada ya kidole, kana kwamba mtu anauachia polepole. Kisha Tusekile akashtuka, akashika tumbo. Mtoto alikuwa amepiga teke.

Mama alikimbia nje kuwaambia. Hakuna aliyemgeukia.

Anania alikuwa ameegemea koleo. Shimo lilikuwa limejaa. Alikuwa amelishindilia kwa miguu, akalijaza tena, akalishindilia tena, na bado udongo ulikuwa umebaki. Ulikuwa mwingi. Alikuwa ameurundika juu, kwa mazoea ya kazi yake, na tuta lililotokea lilikuwa refu kuliko shimo alilochimba. Lilikuwa na urefu wa mtu mzima aliyelala.

"Nimezika miaka ishirini," alinong'ona. "Udongo hubaki kwa sababu mwili umechukua nafasi yake. Nguo haibakizi udongo, mama."

Bibi alitembea taratibu kando ya tuta, akalitazama ncha hii na ncha ile. Kisha akachagua moja, akakaa chini, akaweka kiganja juu ya udongo, pale ambapo paji la uso lingekuwa.