Nafasi ya Chiriku

Mashua iliinama upande wa mke, ingawa mke ndiye aliyekuwa mwepesi. Mumewe, fundi saa mwenye kitambi chake, alikaa upande wa pili na bado alikuwa juu.

"Shemeji, sogea katikati," nahodha alisema. "Mashua ya mbao haitaki ubishi."

"Mwambie wewe," mume akacheka. "Mimi mwaka wa kumi na mbili huu, sijafua dafu."

Mke hakusogea. Tangu wamzike binti yao, waliyemwita Chiriku kwa jinsi alivyopenda kuzungumza, kila alipokaa aliacha nafasi ya mtoto mmoja ubavuni mwake. Kwenye basi, mezani, hata kitandani. Mume ndiye aliyetaka waje kupumzika katika mji huu wa mto, akidhani nafasi ile ingebaki nyumbani.

"Hapo anakaa nani?" nahodha aliuliza.

"Mwanangu."

Nahodha aliacha kusukuma. Mti wake mrefu wa kusukumia ulibaki umesimama kwenye tope la mto.

"Mama, umelisema hilo juu ya maji?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Humu wamo wasio na pa kukaa. Ukisema mahali pana mtu, huja mtu."

Lilikuwa jua la saa tisa, na kwenye maghorofa ya ukingoni watu walikuwa wakianua nguo. Lakini harufu ya tope na ya nywele mbichi ilipanda, mashua ikazidi kulala hadi maji yakaanza kuingia, na pale kwenye ubao mtupu, ambapo jicho halikuona kitu, mbao zikalia kama zinavyolia mtoto anapojisogeza kwa mama yake, kisha mkono wa gauni ukavutwa, mara moja, mara ya pili, na sauti ambayo mke hakuwa ameisikia kwa miezi minane ikasema:

"Mama, baridi. Nibebe."

"Usimguse!" nahodha alinong'ona. "Aliyempa nafasi ndiye wa kumwondoa. Mwambie ashuke, la sivyo tunazama sote."

Mume alikuwa amekauka kama gogo. Mke alifumba macho. Alimwomba Mola ampe ulimi, maana moyo hakuwa nao.

"Mwanangu nilimwosha kwa mikono yangu hii," alisema polepole. "Yuko kwa aliyemuumba. Wewe si yeye. Shuka."

"Mama, ni mimi Chiriku."

"Kwa jina la Mungu, shuka!"

Maji yalipasuka bila kitu kuonekana kikianguka. Mashua ikakaa sawa. Nahodha akawafikisha gatini, na mke akalia mpaka sauti ikamkauka. Mume hakulia. Hata siku ya mazishi hakulia.

"Umemfukuza," alisema walipokanyaga nchi kavu.

"Nimefukuza jini, baba Chiriku."

"Alisema anasikia baridi."

Akatangulia, yeye ambaye siku zote hatua zake zilikuwa ndefu, mke akimfuata mbiombio. Leo alikwenda kwa hatua fupifupi. Mkono wake wa kulia ulining'inia chini, vidole vimefumbata kitu kisichoonekana, na kutoka kiganjani maji yalikuwa yakidondoka, tone kwa tone, barabara nzima.

Penye kivuko cha barabara alisimama, akainama kidogo.

"Shika vizuri, kuna magari," alinong'ona. "Na mama usimnunie. Amechoka tu."